Edelmira Alisamehewa Nini?

Benchi la mbele ya duka langu zamani lilikuwa la kanisani. Padri alipoletewa mabenchi mapya, hili likatupwa nje, nikalidaka kabla mvua haijalidaka. Ubao wa kupigia magoti bado upo, wazee huweka hapo viatu vyao vya matope, na sijamwona hata mmoja akiupigia goti. Mbele yetu ni uwanja wa mpira wa kikapu, na ng'ambo ya uwanja ni ukumbi wa kijiji wenye spika juu ya paa. Jumapili ya mkutano kengele hulia mara tatu, saa mbili, saa tatu na saa nne asubuhi. Ya tatu ikishalia, mlango unafungwa na majina yanaitwa kwenye spika, moja moja, mpaka walioko mashambani wanasikia nani yupo na nani katoroka. Kati ya kengele ya kwanza na ya tatu wanaume wote wa Santa Brígida hupita kwangu kunywa kahawa, kahawa ya mlima wetu, ya chungu, yenye sukari guru na mdalasini. Lakini wenye benchi ni watatu tu, na ukikaa mahali pao utajuta.

Wa kwanza ni Crescencio, tunamwita Muhuri. Amepanda ngazi yote ya utumishi wa kijiji, kutoka mgambo wa kufagia ukumbi mpaka mwenyekiti mwenye fimbo ya mamlaka, na kila kitu anakitaka kwa utaratibu. Wa pili ni Filogonio, Kalifornia, aliyeosha vyombo Los Angeles miaka kumi na mmoja, akarudi na kofia, magoti mabovu na neno "haki". Wa tatu ni mzazi mwenzangu Abundio, aliyemsimamia mwanangu ubatizo. Alipuliza tuba ya bendi yetu, lile tarumbeta kubwa la kuvaliwa begani, miaka thelathini, hadi mapafu yakamgomea. Huyo ndiye Pafu. Mimi ni Otilia, mwenye duka. Sina jina la utani, au kama ninalo hakuna aliyethubutu kunitamkia.

Jumapili hiyo hakuna aliyeuliza habari za mvua. Kila mtu alikuwa na Edelmira mdomoni. Baba yake, marehemu Taurino Yescas, alituacha wakati wa Kwaresima. Shamba lake la kahawa na mahindi ni la kijiji, kama mashamba yote hapa. Mtu analitumia, haliuzi, na akifa linakwenda kwa mtu wa nyumba yake ambaye jina lake linaitwa mkutanoni. Edelmira, anayepuliza tuba ya bendi yetu tangu Pafu aiache, amelilima shamba hilo tangu akiwa msichana. Sasa ana miaka arobaini na moja, hana mume, na jina lake haliitwi, maana majina yanayoitwa ni ya wanaume. Kaka yake Nahúm yuko Los Angeles mwaka wa kumi na tisa huu, na jina lake linaitwa. Akapiga simu kwamba shamba analitaka yeye. Mkutano wa leo ndio wa kuamua, na kuna habari kwamba Edelmira alishuka mjini akarudi na karatasi ya jaji.

— Hapo pameisha, alisema Kalifornia, akinyoosha kikombe nimwongezee. Jaji kasema. Mwanamke ana haki kama mwanamume. Aingie, aweke karatasi mezani, akae. Kule Los Angeles jambo hili lisingefika hata saa tatu.

— Kule Los Angeles una shamba? aliuliza Muhuri.

— Sina.

— Basi nyamaza.

— Mjomba, haki haihitaji shamba!

— Shamba ndilo linahitaji watu wa kulilinda, wewe Kalifornia. Hebu niambie. Huo msitu unaouona pale juu, nani aliuokoa? Jaji? Magari ya magogo yalipokuja na karatasi, karatasi nzuri, ya mhuri, ya jaji, nani alilala barabarani?

Kalifornia alikunywa kahawa. Jibu tunalijua sote. Walilala baba zetu, siku tisa.

— Walilala kwa sababu mkutano ulisema walale, aliendelea Muhuri. Hakuna aliyesema mimi nina haki yangu ya kulala nyumbani. Sasa leo tumruhusu jaji atuambie nani akae ukumbini, kesho atatuambia mti gani ukatwe. Akishaingia mlangoni, huyo hatoki tena.

Niseme ukweli, mimi msitu ule naupenda. Chemchemi inayoleta maji kwenye bomba langu inatoka chini yake. Lakini wazee hawa wakisimulia siku tisa zile husahau kwamba mama yangu alikuwa amelala pale pia, mimi nikiwa tumboni, na kabla ya kulala aliwapikia. Nilikuwa na la kusema. Nikamwagia Muhuri kahawa mpaka ikafurika kwenye kisahani.

— Dada Otilia, taratibu!

— Taratibu ndiyo yako, Muhuri. Mimi namimina tu.

Pafu alicheka, akakohoa, akacheka tena.

— Tatizo lenu, alisema, mnazungumza habari za Edelmira kama mtu aliyeshuka jana na gari la mboga. Miaka kumi na tisa Nahúm hayupo, lakini kila mkutano "yupo". Edelmira yupo kila siku, lakini "hayupo". Kengele ya msaragambo, kazi ya kijiji, ikilia, nani anashika koleo kwa zamu ya Nahúm? Barabara ya makaburini, nani aliizibua? Koleo la dada, jina la kaka!

— Utaratibu unaruhusu, alisema Muhuri. Aliye mbali hutuma mtu wa kumfanyia zamu yake.

— Na utaratibu unaruhusu mtu amjibie jina lake? Eti, Kalifornia?

Kalifornia akajikuna chini ya kofia. Hapo ndipo palipokuwa na aibu ya benchi letu. Mtetezi wetu wa haki ndiye anayeitikia "Nipo!" kila jina la Nahúm linapoitwa. Waliishi chumba kimoja kule, akamwahidi.

— Ahadi ni ahadi, alinong'ona.

— Sauti ndogo leo, nilimwambia. Mkutanoni huwa unapaza.

Kengele ya pili ikalia. Nje ya ukumbi wanawake wameanza kukaa kwenye ngazi, mahali petu pa siku zote, chini ya dirisha. Kutoka pale unasikia kila kitu na hakuna anayekusikia wewe.

— Ipo njia, alisema Muhuri, akitazama saa. Aolewe.

— Lini? nikamuuliza.

— Kabla ya saa nne. Padri yupo, anakula mayai. Mwanamume ambaye jina lake linaitwa amwoe, shamba linabaki nyumbani, jaji anarudi kwake, sote tunakula kuku. Kalifornia si huyu hapa, mkewe kamkimbia?

— Mimi? Kalifornia aliruka. Yule aliyempelekea posa mwaka juzi, mwenye nyumbu wawili, mnajua alijibiwaje? Alipuliziwa tuba sikioni! Mpaka leo ukimsalimu upande wa kushoto anakupita.

— Basi mimi ninayo njia bora, alisema Pafu. Mtakatifu wetu, Santa Brígida, ni mwanamke au si mwanamke?

— Acha kufuru.

— Naomba jibu, mzee mwenzangu. Ni mwanamke. Ana shamba? Analo, lile la kando ya mto. Ana ng'ombe? Saba, na fahali mkorofi. Amewahi kushika koleo? Hajawahi. Ana mume? Hana. Na hakuna aliyewahi kupiga simu kutoka Los Angeles kudai ng'ombe wake! Basi Santa Brígida amchukue Edelmira awe binti yake. Tunamvisha joho, tunamzungusha kanisa mara tatu...

— Na wewe ukohoe nyuma yake, alisema Kalifornia.

— Nikohoe kwa furaha!

Nilicheka mpaka kijiko kikaniponyoka. Muhuri alikunja uso, lakini nilimwona akitafuta kosa kwenye utaratibu ule na asilione haraka.

— Mtakatifu hakai mkutanoni, alisema mwishowe.

— Kwa sababu hamjamwalika, nikamwambia.

Kalifornia sasa alikuwa amechangamka, aibu imemtoka. Akasimama, mguu mmoja juu ya ubao wa magoti.

— Sikieni yangu. Tuba ni mali ya nani? Ya kijiji. Iliingia hapa kabla hatujazaliwa, juu ya mgongo wa punda. Imefanya kazi harusi zote, misiba yote. Haijawahi kutoroka. Basi jina la tuba liandikwe! Katibu aite: "Tuba!" Sasa tuba itajibu yenyewe? Haiwezi, lazima apatikane wa kuipuliza. Edelmira anaingia nayo, anakaa, anapuliza. Mara moja ndiyo, mara mbili hapana.

— Na kama hajaamua? aliuliza Pafu.

— Anapuliza polepole.

— Huyu jua la kule lilimharibu, alisema Muhuri.

— Mjomba, wewe unataka aolewe kabla padri hajamaliza mayai, halafu mimi ndiye jua limeniharibu?

Pafu aliinua mkono. Alipumua kwanza, maana siku hizi anapumua kabla ya kusema, na tukajua kubwa linakuja.

— Kwa nini lazima Taurino awe amekufa?

Tulimtazama.

— Siku ya Wafu, alisema, tunawaandalia meza au hatuwaandalii? Mkate tunaweka, pombe ya mkonge tunaweka, maua ya njano tunatandika mlangoni mpaka barabarani wasipotee. Na wanakuja! Mimi marehemu baba yangu kila mwaka anapunguza ile chupa.

— Anapunguza baba yako au unapunguza wewe?

— Tusiingie huko. Ninachosema, kama mfu anaweza kutoka makaburini kuja kula, kitu gani kinamzuia kuja mkutanoni, na makaburi yako karibu kuliko Los Angeles? Jina la Taurino libaki. Liitwe. Nahúm aliye mbali anajibiwa na Kalifornia. Taurino aliye jirani ajibiwe na binti yake.

La kutisha ni kwamba Muhuri alikuwa anafikiri kweli.

— Na msaragambo? aliuliza. Mfu atashikaje zamu?

— Mwache alale udongoni, huko ndiko kuchimba kwenyewe!

Tukacheka wote, hata Muhuri, hata wanawake wawili waliokuwa wakipita kwenda kwenye ngazi. Lakini kicheko kilipoisha niliona vikombe vitupu na saa inakwenda. Nilimwona Edelmira siku ya mazishi. Alipuliza tuba mbele ya jeneza la baba yake kutoka nyumbani hadi kaburini, kwa sababu hakuna mwingine wa kuipuliza, na hakulia mpaka wimbo ulipokwisha. Sasa leo angerudi nyumbani hana pa kupanda hindi moja. Hasira ilinipanda, nikaanza kugonga chungu kwa mwiko.

— Mzee Muhuri, nikamwambia, mzaha tumemaliza. Wewe ukisimama mle ndani, wanakusikiliza. Utasema nini?

Akavua kofia. Mzee huyu si mbaya, watu wanamwona mgumu tu.

— Dada Otilia, nikisema ashinde kwa karatasi ya jaji, nimefungua mlango ambao baba yangu aliulalia. Nikisema akose, nimemdhulumu mtoto wa rafiki yangu. Usiku siku hizi silali. Kuna mambo ya mtu na kuna mambo ya kijiji. Aingie kwa lipi? Huwa ngazi tunaipanda kwa utumishi. Ufagio, ulinzi, ukatibu. Sisi wote tumetumikia.

— Mimi sijatumikia, alisema Pafu. Sijashika hata huo ufagio.

— Wewe ulikuwa kwenye bendi! Mwanabendi anasamehewa. Kupuliza kwake ndiko kutumikia kwake. Jina lako linaitwa kama langu.

Wakati huo gari dogo la mizigo lilisimama mbele ya duka likiwa na vumbi la barabara ya mlimani. Akashuka kijana mwenye sanduku la tromboni mgongoni. Akatuamkia mmoja mmoja, kwa mkono, kama inavyotakiwa. Anaitwa Hilarino, kiongozi wa bendi ya San Amador, kijiji cha ule mlima wa pili. Bendi yao huja kupiga kwenye sikukuu yetu, na yetu hurudisha kwao. Hakuna anayemlipa mwenzake, ni kupigiana tu. Alikuja kusema kwamba watakuja, ila mpiga tuba wao anaumwa mgongo, hivyo watamtegemea wa kwetu.

— Kaa, kijana, nilimwambia, nikamkwangulia kikombe cha mwisho. Huyo wa kwetu ndiye anayehukumiwa leo.

— Kaiba?

— Kazaliwa mwanamke, alisema Kalifornia.

Wakamweleza, wote watatu kwa pamoja, na shamba, na Nahúm, na jaji, na Santa Brígida na ng'ombe wake saba. Hilarino alisikiliza huku akipuliza kahawa. Alionekana kijana asiyependa kuingilia nyumba za watu.

— Samahani, wazee wangu, alisema. Pengine kwenu ni tofauti. Kwetu mwanabendi anasamehewa utumishi.

— Na kwetu, alisema Muhuri. Ndilo tulilokuwa tunalisema.

— Mnamsamehe vipi? Anaambiwa tu?

— Anaambiwa tu! Muhuri alikasirika kwa niaba ya utaratibu. Anasimama ukumbini mbele ya kijiji kizima. Anaweka mkono juu ya fimbo. Mwenyekiti anamtamkia: kijiji kinakusamehe ulinzi, kinakusamehe ufagio, kinakusamehe kila zamu ya mwenye jina, kwa kuwa utapuliza. Ndipo anapewa chombo.

— Na Edelmira alifanyiwa hivyo?

— Alifanyiwa! alisema Pafu. Nilikuwepo. Mapafu yangu yalikuwa yamekufa, sikukuu imebaki siku kumi, wavulana wote wanataka tarumbeta ndogo za kuringia, hakuna anayetaka kubeba lile dubwana. Yule msichana alikuwa anapandisha gunia la kahawa mlimani bila kupumzika. Miaka ishirini na mitatu iliyopita. Mwenyekiti wa mwaka huo...

Pafu akageuza shingo polepole kumtazama Muhuri.

— Nilikuwa mimi, alisema Muhuri.

Hilarino alikunywa funda, akaweka kikombe kwenye ubao wa magoti.

— Basi naomba mniambie, wazee. Mwanamke kwenu hana zamu ya ulinzi. Hana ufagio wa ukumbi. Hana zamu ya mwenye jina. Sasa Edelmira alisamehewa nini?

Nimeuza kahawa mbele ya benchi lile miaka ishirini na sita, sijawahi kulisikia kimya namna ile. Nzi alitembea juu ya kofia ya Muhuri.

Na sote tulikuwepo siku ile! Mimi nilikuwa kwenye ngazi, chini ya dirisha, nikapiga makofi. Kijiji kizima, wanaume kwa wanawake, kilimsimamisha msichana wa miaka kumi na minane kikamwondolea mzigo wa mwenye jina, na hakuna aliyejiuliza ulifikaje mabegani mwake. Tulikuwa tunaihofia sikukuu. Tulitaka tuba.

— Ningeweza kumpa tuba bila kiapo, alisema Muhuri taratibu, kama anajisemea. Waliniambia. Katibu aliniambia, huyu ni msichana, mpe tu apulize. Nikasema hapana. Nikasema bendi ya Santa Brígida haitapuliza bila utaratibu.

Pafu alianza kucheka, na kikohozi kikamkamata, na Hilarino akampiga mgongo.

— Utaratibu wako! alisema Pafu machozi yakimtoka. Mzee mwenzangu, utaratibu wako mwenyewe!

— Sasa jaji... alianza Kalifornia.

— Jaji gani? Muhuri alisimama. Hapa hakuna jaji. Aliyesamehewa zamu ya mwenye jina, jina analo. Hili ni neno la kijiji, limesemwa juu ya fimbo, mdomoni mwangu. Nani atalifuta? Wewe?

Na hapo ndipo Edelmira alipotokea kwenye kona ya uwanja. Fimbo inapoingizwa ukumbini bendi hupiga, kwa hiyo tuba ilikuwa begani, na begi la kitambaa kifuani. Alitusalimu. Macho yake yalikuwa mekundu lakini mgongo umenyooka.

— Shikamoo Shangazi. Shikamoo Mjomba. Mwalimu, umekohoa tena?

— Nacheka, mwanangu, alisema Pafu.

Muhuri alitia kofia kichwani, akaiweka sawa, kama anavyofanya akitaka kusema mbele ya watu wengi.

— Edelmira. Karatasi ile unayo?

— Ninayo. Akagusa begi.

— Utaitoa?

Alimtazama muda mrefu. Nadhani alikuwa amejiandaa kugombana na wote isipokuwa yeye.

— Mjomba, sikutaka kuifuata. Nilikaa wiki tatu nikisubiri mmoja wenu aje nyumbani aniambie neno. Hakuja mtu. Baba yangu alilala barabarani siku tisa, mimi naujua msitu kuliko jaji. Lakini kunyang'anywa shamba nikiwa nimesimama dirishani, hilo hapana. Nikiitwa jina langu, karatasi nitaikalia, mabenchi ya ukumbini yana baridi. Nisipoitwa, nitaitoa.

Nilitaka kumkumbatia, ila tuba ilizuia. Muhuri aliinamisha kichwa.

— Ni kweli, alisema. Hakuja mtu. Ningepaswa kuja mimi. Akainua uso. Basi ukiitwa, jibu kwa sauti. Mapafu unayo.

Kengele ya tatu ikalia.

Wakavuka uwanja, Muhuri mbele, Pafu nyuma akivuta pumzi, Kalifornia katikati. Bendi ikapiga, fimbo ikaingia, mlango ukafungwa. Spika ikakwaruza. Tukamsikia Muhuri akisema, "Kabla ya majina, nina kosa la kuukumbusha mkutano, na kosa lenyewe nililifanya mimi." Halafu kelele, viti, mtu akipiga meza, na mtu mwingine akisema zimeni hiyo spika. Ikazimwa.

Nilibaki na Hilarino kwenye benchi. Wanawake kwenye ngazi walikuwa wamesimama wote, shingo dirishani. Nilifuta kikombe kimoja mara nne. Kijana alitaka kuniuliza kitu, akaona uso wangu akaacha.

Spika ikarudi. Katibu akaanza kuita. Majina yetu yanaitwa kwa herufi, na Yescas wako mwisho, kwa hiyo ilibidi tuwasikilize wote mia mbili na kitu, Abundio wetu na Crescencio wetu, wagonjwa, wavivu, waliokuja na waliotuma watu. Nilichukia kila jina. Mpaka tukawafikia akina Vargas, na akina Vargas ni wengi.

— Yescas, Edelmira.

Sikuhitaji spika. "Nipo!" ile ilitoka dirishani, ikavuka uwanja, ikagonga mabati ya duka langu. Mbwa aliyelala chini ya gari la Hilarino aliamka.

— Yescas, Nahúm.

Kimya.

— Yescas, Nahúm, katibu akarudia.

Nilisubiri ile sauti ya kila mkutano. Haikuja. Nikamwona Kalifornia kama ninamwona kwa macho, mkono mmoja kofiani, mdomo umefungwa. Katibu akasema "hayupo", akaandika, akaendelea.

Shamba lilikuwa bado halijaamuliwa, bado kuna maneno ya mchana kutwa. Nahúm atapiga simu, atalia, na mimi namwelewa pia, si rahisi kuzeeka mbali. Lakini aliye ukumbini ni tofauti na aliye dirishani. Nililia bila kujificha. Hilarino alinisogezea kikombe, kumbe kitupu, na chungu nacho kitupu.

— Shangazi, alisema kwa upole, nilitaka kuuliza tangu mwanzo. Wewe umepikia msaragambo?

— Tangu nina miaka kumi na minne.

— Na sikukuu?

— Zote.

— Na kanisa, nani anafagia?

— Sisi tunaokaa pale kwenye ngazi, kwa zamu.

— Sasa wewe ulisamehewa nini?

Nilitazama chungu. Nilitafuta jambo, hata dogo, ambalo kijiji hiki kimewahi kuniambia Otilia, hili acha, utapumzika. Nilitafuta kweli kweli, maana nakipenda.

— Hakuna, nikamwambia. Zote nimezifanya.

Nikavua aproni, nikampa aniangalizie duka, nikavuka uwanja kwenda kuwaambia wenzangu swali alilouliza. Jina langu ni Otilia Bautista. Siku litakapoingia kwenye orodha, litaitwa mapema, kabla kahawa haijapoa.